Milima ya Kale na Maji ya Nchi ya Garissa



Mtu asafiriye kwa gari kutoka Mwingi kwenda Garissa huyaacha nyuma yake majabali ya Ukambani moja baada ya jingine. Kwanza huona vilima vingi vya mawe ya kijivu, kila kimoja kimesimama peke yake kama gunia lililosahauliwa shambani. Halafu vilima hupungua, na akishapita Ukasi nchi hunyooka mbele yake mpaka mto Tana. Akivuka daraja na kuendelea hata Liboi, mpakani mwa Somalia, haoni pahali pa kupanda ili atazame mbali, isipokuwa vichuguu vya mchwa. Mji wa Garissa wenyewe uko kiasi cha mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, ingawa bahari iko mbali.

Kwa hiyo hotuba juu ya jinsi milima inavyojengwa yaweza kuonekana kuwa ni jambo la kuwafaa watu wa Nyeri au wa Moshi, wala si wafugaji wa ngamia wa Garissa, Wajir na Mandera. Walakini sivyo. Ule mwamba wa kijivu uonekanao Ukasi hauishi pale vilima vinapokwisha. Huinama na kuzama chini ya mchanga na udongo wa Garissa, nao ni mizizi ya safu ya milima ambayo yamkini ilikuwa mikubwa kama Himalaya ya leo. Mtu anayechimba kisima katika Kaskazini Mashariki pasipo kujua kama yuko juu ya mizizi hiyo, au yuko juu ya mashapo yaliyoifunika, huenda akatumia fedha nyingi za watu na asipate kitu ila vumbi.

Yafaa kwanza kuondoa kosa moja lililo la kawaida. Watu wa Afrika Mashariki wakisikia neno mlima hufikiri Kilimanjaro, Mlima Kenya, au Marsabit. Milima hiyo ni kazi ya moto. Mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka chini, yakamwagika, yakapoa, na mengine yakamwagika juu yake, mpaka likawa rundo kubwa. Milima ya namna hiyo ni mikubwa kwa macho, lakini kila mmoja husimama peke yake. Safu ndefu za milima ya dunia, kama Himalaya ya Bara Hindi, Alps ya Ulaya, na Zagros ya Uajemi, hazikujengwa hivyo. Zilijengwa kwa kusukumwa.

Aliyewahi kuona greda ikitengeneza barabara ya udongo anaweza kuielewa kazi hiyo. Greda inapokwenda mbele, udongo hukusanyika mbele ya kisu chake. Haubaki umelala kama ulivyokuwa, bali hukatika vipande vipande, na kila kipande hupanda juu ya mgongo wa kile kilicho mbele yake. Rundo huwa nene karibu na kisu na jembamba mbele, kama kabari. Mabamba makubwa ya gamba la dunia hufanya vivyo hivyo yanapokutana. Mwendo wao ni mdogo mno, kiasi cha ukucha wa mtu unavyokua, lakini hauchoki. Matabaka ya mawe yaliyo katikati hukunjwa kama mkeka uliosukumwa ukutani, na yasipoweza kukunjika tena hukatika. Mkato huo aghalabu si wa wima. Huwa umelala, na katika ulalo huo bamba la juu hupandishwa juu ya bamba la chini, likasafiri. Huo ndio ufa wa msukumo.

Alama yake kubwa ni kwamba huyageuza mambo ya desturi. Katika nchi iliyotulia, tabaka la chini ndilo lililotangulia kulala na la juu ndilo lililofuata, kama magazeti yaliyowekwa moja juu ya jingine kila juma. Penye ufa wa msukumo, mawe ya kale hukaa juu ya mawe mapya. Mchimbaji huanza kwa mwamba wa zamani sana, akapita mstari mmoja, akaingia katika mwamba wa siku za karibu zaidi.

Wenye elimu wenyewe hawakuupokea ukweli huo kwa wepesi. Katika milima ya Glarus, nchi ya Uswisi, kuna mstari unaoonekana wazi kwa macho kando ya vilele. Juu yake kuna mawe ya zaidi ya miaka milioni 250, na chini yake kuna mawe ambayo hayajafika miaka milioni 60. Arnold Escher aliyachunguza mahali hapo katika miaka ya 1840, akaona kwamba ni kana kwamba mlima mzima umesukumwa juu ya mwingine. Lakini aliogopa kuchapisha neno hilo kwa kuwa alidhani watu wangemwita mwenye wazimu. Badala yake akaeleza kwamba ni mikunjo miwili mikubwa iliyotazamana, na mwanafunzi wake Albert Heim akaitetea fikira hiyo kwa miaka mingi. Mnamo mwaka 1884 Mfaransa Marcel Bertrand, ambaye hakuwa amefika Glarus, aliitazama michoro ya Heim mwenyewe na kusema kwamba yaeleweka vizuri zaidi ikiwa ni bamba moja tu lililosafiri kutoka kusini. Heim akaja kukubali mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu mwaka 2008 mahali hapo pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Si jambo dogo kwa mtu mzima mwenye sifa kukiri kwamba aliyetazama kazi yake aliisoma kuliko yeye.

Likabaki swali moja gumu. Bamba la mawe lenye unene wa kilomita kadhaa lina uzito usiosemeka. Likisukumwa kwa nyuma, mbona lisivunjikevunjike kabla ya kusogea? Jibu lililokubaliwa na wengi lilitolewa mwaka 1959 na Waamerika wawili, King Hubbert na William Rubey, nalo lahusu maji. Mawe ya chini ya ardhi yana matundu madogo yaliyojaa maji. Mawe yanapobanwa na maji yasipate njia ya kutoka, maji hayo husukuma kwenda juu na kubeba sehemu kubwa ya uzito wa bamba, hata msuguano ukapungua. Walionyesha jambo hilo kwa kopo tupu lililopozwa. Kopo lililogeuzwa mdomo chini juu ya kioo kilicholowa maji hukaa tu kioo kikiinamishwa kidogo. Lakini hewa ya ndani ikianza kupata joto na kusukuma, kopo huteleza lenyewe. Na milima mikubwa nayo huteleza namna hiyo, juu ya maji yaliyobanwa.

Watu wa pwani walio na ndugu Oman wanaweza kupewa mfano ulio karibu nao zaidi kuliko Uswisi. Asafiriye kutoka Muscat kwenda Samail hupita kati ya vilima vyeusi na vya hudhurungi visivyo na jani. Vilima hivyo ni sakafu ya bahari, pamoja na mwamba uliokuwa chini ya sakafu hiyo kabisa. Baina ya miaka milioni 95 na milioni 70 iliyopita sakafu hiyo ilisukumwa kwa ufa wa msukumo ikapanda juu ya ukingo wa Bara Arabu. Mawe ya chokaa yaliyofunikwa yakaja kuinuka baadaye, nayo ndiyo yaonekanayo leo katika Jabal Akhdar. Shaba iliyochimbwa Oman tangu zama za kale sana imo katika mawe hayo ya bahari iliyopandishwa.

Na Himalaya hata leo haijamaliza kazi yake. Bara Hindi linazidi kusukuma kaskazini, na chini ya milima hiyo uko ufa mkubwa wa msukumo ambao hukaa umekwama kwa miaka mingi kisha ukateleza kwa ghafula. Tarehe 25 Aprili 2015 uliteleza huko Nepal, ikatokea zilzala ya kipimo cha 7.8, wakafa karibu watu 9,000. Nchi ya Kathmandu iliinuka kiasi cha mita moja katika muda mfupi sana. Juu kabisa ya Everest, mlima wa mita 8,849, mawe ni ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini.

Sasa turejee katika nchi ya Kenya. Mwamba wa Ukambani, wa Taita, wa Samburu na wa pande za Moyale ni wa namna moja. Una mistari mieupe na myeusi iliyopindapinda kama unga uliokandwa na kukunjwa mara nyingi, na wataalamu huuita naisi. Mwanachuoni mmoja Mwingereza, Arthur Holmes, ambaye mwaka 1911 alikuwa kijana akitafuta madini huko Msumbiji, ndiye aliyekuja kuyaunganisha mawe hayo yote katika jina moja. Mwaka 1951 aliyaita Ukanda wa Msumbiji. Holmes huyo huyo ni mmoja wa watu wa kwanza waliopima umri wa mawe kwa urani, ambayo hugeuka kuwa risasi polepole kwa kadiri isiyobadilika, kama mchanga wa saa ya kale. Kwa vipimo vya namna hiyo, vilivyofanywa vizuri zaidi baada yake, yajulikana kwamba ukanda huo ulibanwa hasa kati ya miaka milioni 650 na milioni 550 iliyopita. Nao haukomi Kenya. Waanzia Msumbiji, wapita Tanzania, Kenya na Ethiopia, ukaendelea hata Sudan na Arabuni.

Kabla ya hapo palikuwa na bahari. Ushahidi wake upo: marumaru ya Kitui na ya Kajiado ni mawe ya chokaa ya baharini yaliyopikwa, na huko Sekerr, katika nchi ya Pokot, vipo vipande vya sakafu ya bahari vilivyosukumwa nchi kavu kama vile vya Oman. Nchi ya mashariki na nchi ya magharibi zilipokaribiana, bahari hiyo ikafungwa, na mawe yaliyokuwa kati yakapandishwa bamba juu ya bamba. Katika sehemu nyingi yalisukumwa kuelekea magharibi, juu ya ile nchi kongwe ya pande za Ziwa Victoria ambayo umri wake wapita miaka milioni 2,500. Huko Pare na Usambara, katika Tanzania, mawe yaonekanayo juu leo yalikuwa yamezama kiasi cha kilomita 30 au zaidi, kwa kuwa madini yaliyomo hayawezi kuzaliwa ila penye mbano na joto la kina hicho. Hesabu hiyo yafaa kuzingatiwa. Ikiwa jiwe lililokuwa kilomita 30 chini sasa liko juu, basi yote yaliyokuwa juu yake yameondoka. Mvua, upepo na mito viliichukua milima hiyo chembe kwa chembe kwa muda ambao akili ya mtu huchoka kuuhesabu, mpaka ikabaki mizizi tu.

Faida ya mizizi hiyo haikukosekana. Yakuti za Taita, na yale mawe ya kijani ya tsavoraiti yaliyogunduliwa na Campbell Bridges, kwanza Tanzania mwaka 1967 na baadaye Kenya upande wa Tsavo, yalizaliwa katika mbano huo. Dhahabu ya Lega Dembi, kusini mwa Ethiopia, imo katika mawe ya ukanda huu huu yanayoshuka kuelekea Moyale. Na madhara hayakukosekana pia. Huko Hillo, karibu na Dabel, watu wengi waliifuata dhahabu kwa sururu na mikono mitupu, na mwaka 2024 mashimo yaliporomoka yakaua wachimbaji. Mwamba uliokatwa na nyufa nyingi haushiki vizuri ukuta wa shimo lisilo na miti ya kuuzuia, na ndio huo huo ambao hubeba dhahabu.

Lakini huko Garissa mwenyeji hauoni mwamba huo. Sababu ni kwamba baada ya kusukumwa nchi ilikuja kuvutwa. Bara kubwa la kusini lilipoanza kupasuka, Madagaska ikaondoka polepole pwani ya Kenya na Somalia, tangu miaka milioni 160 na zaidi iliyopita. Bahari ikaingia hata Mandera, na mawe ya chokaa ya Rhamu na ya bonde la Daua, yenye makombe ya baharini ndani yake, ni mabaki ya bahari hiyo. Baadaye nchi ikapasuka kutoka upande wa Ziwa Turkana kuelekea Lamu, na sehemu ya katikati ikashuka baina ya nyufa. Hizi ni nyufa za namna ya pili, ambazo bamba la juu huteremka badala ya kupanda. Bonde hilo laitwa Anza, nalo ni ufa mkubwa wa zamani kuliko ule wa Naivasha na Nakuru. Halionekani kwa macho kwa sababu limejazwa mpaka pomoni. Mito ililimwagia mchanga na udongo wa unene wa kilomita kadhaa. Mwaka 1968 wachimbaji waliotafuta mafuta walitoboa kisima karibu na Garissa, wakashuka zaidi ya mita 1,000, nao walikuwa wangali katika mashapo.

Hapo ndipo habari za milima zinapomfikia mfugaji. Penye mashapo, maji hukaa katika mchanga wenyewe, kati ya chembe na chembe. Akiba kubwa iitwayo Merti yaanzia pande za bwawa la Lorian, ambako mto Ewaso Ng'iro hufia mchangani, ikapita Habaswein na Dadaab mpaka Liboi na ng'ambo ya mpaka. Visima vyake vingi hushuka zaidi ya mita 100. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, maji hayo yamewanywesha wakimbizi, wenyeji na mifugo yao pamoja. Lakini si kila mahali penye mchanga pana maji ya kunywa. Katikati ya akiba hiyo maji ni matamu, na pembeni huwa ya chumvi, na mpaka kati ya hayo mawili haukuandikwa juu ya ardhi. Tena mengi ya maji hayo ni ya zamani na husogea polepole sana. Kisima kinachovutwa kwa nguvu karibu na mpaka huo chaweza kuyaita maji ya chumvi yaje. Mzee aliyekuja kunywesha ngamia 200 na kuambiwa kisima kimegeuka ladha hana haja ya kufundishwa uzito wa jambo hilo.

Wajir ni habari nyingine: visima vya mji ule ni vya mawe ya chokaa yaliyo karibu na uso wa ardhi, na kwa sababu hiyo huchafuka upesi kwa vyoo. Huko El Wak kuna jasi nyingi ardhini.

Na penye mizizi ya milima, kama upande wa Kitui na Moyale, mambo hubadilika kabisa. Naisi haina matundu. Maji hukaa katika ngozi ya juu iliyooza, katika mchanga wa laga, na katika nyufa. Hapa kuna kosa ambalo hata mtu aliyesoma aweza kulifanya. Akisikia kwamba mwamba huu ulikatwa na nyufa za msukumo zenye urefu wa kilomita nyingi, hudhani kwamba akizifuata nyufa hizo atapata maji. Aghalabu hapati. Nyufa hizo zilitokea kwenye kina kirefu na joto kali, ambako mwamba haukupasuka kama kigae bali ulivutika kama utomvu, kisha ukapoa na kuganda. Kidonda chake kilipona zamani, na kovu ni gumu kuliko nyama. Nyufa zenye maji ni zile zilizokuja baadaye, mwamba ulipokuwa tayari umekaribia uso na kupoa, na hasa zile za wakati nchi ilipovutwa. Hizo huonekana katika picha zilizopigwa kutoka angani kama mistari iliyonyooka, na mara nyingi laga hupinda ghafula ili kuzifuata, na miti mikubwa ya majani mabichi hupangana juu yake hata wakati wa jilali.

Kwa hiyo kabla ya mtambo kuletwa, hapana budi nchi ipimwe. Wapimaji hupitisha nguvu ndogo ya umeme ardhini kwa vijiti vya chuma na kuona ni wapi hupita kwa urahisi na ni wapi hukataa, kwa maana mwamba mkavu huukataa umeme, na mchanga wenye maji huupitisha, na maji ya chumvi huupitisha kupita kiasi. Na mtambo ukisha kuanza, vipande vya mawe vinavyotoka shimoni vikusanywe kila baada ya mita chache, vioshwe, vipangwe chini kwa utaratibu na kuandikwa. Mchanga wa mviringo na udongo wa rangi ni mashapo. Vikianza kutoka vipande vyenye ncha kali, vya kijivu, vyenye mistari na chembe za ulanga zinazometameta juani, mtambo umegusa mizizi ya milima. Kuanzia hapo msimamizi hutazama mambo mawili tu: kama chuma kinaingia ghafula kwa wepesi, ishara ya ufa, na kama vipande vina kutu nyekundu kandokando, ishara kwamba maji yalipita hapo. Vikizidi kutoka vikavu na safi, mita baada ya mita, hufunga mtambo na kuuhamishia mahali pengine palipopimwa, kabla fedha za mafuta hazijakwisha.